Mahindi ya Mjomba na Shilingi 700

Najua nimeadimika kidogo, na wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimehama mji au nimeoa kimya kimya. Sijahama na wala sijaoa. Ni kazi tu, na kwa kweli kuna jambo lilikuwa linanikaa rohoni nikawa sijui nilianzie wapi. Leo nimeamua kulitoa. Niite kuungama ukipenda.

Mtakumbuka Julai 2024 Rais Samia alikuwa kwenye ziara ya mikoa ya Katavi na Rukwa. Bei ya mahindi kule ilikuwa imeanguka, wakulima wanalia. Ndipo yakatoka maelekezo kwamba Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, yaani NFRA, inunue mahindi kwa shilingi 700 kwa kilo. Mia saba! Mtu aliyekuwa anauza kwa nusu ya hiyo bei alikuwa na haki ya kupiga vigelegele.

Mimi nilikuwa Dar, nimekaa mbele ya kompyuta, feni inazunguka. Nikaandika habari yangu vizuri kabisa: nani kasema nini, wapi, lini. Kichwa cha habari kikawa na neno "neema" na neno "wakulima". Mhariri akafurahi, mimi nikafurahi. Nikaenda kula.

Siku iliyofuata simu ikaita. Mjomba.

Niwaeleze kidogo kuhusu huyu mzee. Ni kaka yake mama, kazaliwa Ujiji kama sisi wote, kakulia kwenye vichochoro vile vile vya chini ya miembe. Lakini ujana wake aliacha mambo ya dagaa na mitumbwi akapanda juu vilimani upande wa Kasulu, akaoa huko, akalima huko. Mahindi, maharage, migomba kidogo. Sisi watoto wa Ujiji tulimjua kwa magunia. Akishuka mjini hakosi gunia la maharage, na akipanda kurudi hakosi dagaa na dumu la mawese.

Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitika, "Marahaba mjomba," maana sisi tunaitana hivyo hivyo, mkubwa na mdogo. Kwa kawaida hapo tungeulizana habari za nyumbani, za mvua, za mama, za kazi, dakika tano zinakwisha. Siku hiyo hakuuliza. Alisema mjukuu wake kamsomea nilichoandika kwenye simu, kisha akaniuliza swali moja: "Hao wakulima uliowaandika, mahindi yao bado wanayo?"

Nikababaika. Nikamwambia mjomba, nimeandika yaliyosemwa. Akacheka. Akasema, "Sawa. Mimi yangu niliuza mwezi wa tano."

Ndugu zangu, hesabu ya mjomba ni hii. Nimemwomba ruhusa niitoe, akasema toa, si siri, kijiji kizima kinafanana.

Kabla ya msimu alihitaji mifuko miwili ya mbolea. Ile ya ruzuku. Hapo naomba tusidanganyane: ruzuku ya mbolea ipo na imesaidia. Ilizinduliwa na Rais pale Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022, serikali ikatenga shilingi bilioni 150. Bei za dunia zilikuwa zimepaa baada ya korona na vita ya Ukraine, mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea umevuka shilingi 120,000, na ruzuku ikaushusha hadi 70,000. Wakulima wakaandikishwa, wakapewa namba, mtu anakwenda kwa wakala na namba yake ananunua. Kwa mtu anayelima ekari mbili huo ni msaada wa kweli, na anayesema haukufika popote hajatembea vijijini.

Lakini bei ya ruzuku ni bei ya pesa taslimu. Mjomba hakuwa na pesa taslimu. Nani kijijini anayo mwezi wa kumi na moja? Mazao ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu bado mbegu. Kwa hiyo akafanya wanachofanya wote. Alikopa kwa mchuuzi. Mifuko miwili pamoja na nauli na mtu wa kubeba, shilingi 150,000. Makubaliano: "tutamalizana kwenye mavuno."

Mavuno yakafika. Mchuuzi naye akafika, tena mapema, kabla mahindi hayajakauka sawasawa. Bei ya siku hiyo anaitaja yeye: shilingi 380 kwa kilo. Deni limekuwa 190,000 pamoja na riba. Piga hesabu: kilo 500. Magunia matano. Na magunia yenyewe si yale ya mezani, ni lumbesa, limefungwa likavimba juu kama kilemba. Kile kilemba hakina bei, ni cha mchuuzi bure. Mjomba akabaki na magunia mawili ya kula. Hakushika hata senti moja mkononi.

Miezi miwili baadaye ndipo mimi, mpwa wake msomi, nikaandika neema.

Kwa shilingi 700, zile kilo 500 zingekuwa 350,000. Tofauti ni 160,000. Yaani alichokosa kwenye bei kinazidi gharama yote ya mbolea aliyokopa, ruzuku na nauli ndani yake. Serikali ilimsaidia mkono wa kulia wakati wa kupanda, na kwa sababu msaada ule ulitaka pesa asiyokuwa nayo, ndio huo huo uliomlazimisha kuuza kabla msaada wa pili haujatajwa.

Nimeifikiria sana hesabu hii, na naona inasema jambo ambalo sisi waandishi hatuliandiki. Tunapenda kuuliza ruzuku ni kiasi gani. Bilioni ngapi, shilingi ngapi kwa kilo. Swali lenyewe ni: siku bei nzuri inatangazwa, zao liko ghalani kwa nani? Maana ruzuku ya bei haimtafuti aliyelima. Inamtafuta aliye nalo siku hiyo. Na aliye nalo siku hiyo ni yule anayeweza kusubiri.

Mjomba hawezi kusubiri. Mchuuzi anaweza. Tofauti yao yote ni hiyo.

Na msinielewe vibaya, simtukani mchuuzi. Wanasiasa wetu wana jina lao kwake, "mlanguzi", na wakilitaja jukwaani wanapigiwa makofi. Lakini mwezi wa kumi na moja, mjomba alipohitaji 150,000, nani alikuja mpaka mlangoni kwake? Benki? Ofisi ya kata? Alikuja mchuuzi, na pesa zake, na hatari zake, kwenye barabara ya matope. Analipwa kwa hiyo kazi. Tatizo ni kwamba yuko peke yake, na mtu aliye peke yake hujipangia bei.

Sasa kuna watakaosema huyu anatumia habari za mjomba wake mmoja kuhukumu nchi nzima. Haya, tutoke Kasulu.

Twende kusini. Novemba 2018 wafanyabiashara wa korosho walikuwa wanatoa bei ambayo wakulima wa Mtwara na Lindi waliikataa minadani. Rais Magufuli akaingilia. Mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara, wakaondolewa, na serikali ikatangaza itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likiwa na magari yake. Ni bei kubwa, na nia ilikuwa njema, sitaki kubishana na hilo. Lakini mara tu baada ya kutangazwa, tatizo likawa lile lile: korosho zilizoko ghalani ni za nani? Kule kusini kuna neno, kangomba. Mtu mwenye pesa anakwenda kwa mkulima mwenye shida miezi ya njaa, anainunua korosho ikiwa bado maua, kwa kipimo chake na bei yake. Serikali ilijua kwamba ikilipa bila kuuliza, 3,300 zitakwenda kwa wenye kangomba. Ikaanzisha uhakiki, na waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 wakatakiwa kuonyesha mashamba yao. Uhakiki ukachukua muda. Na katika kusubiri uhakiki, wakulima halali ambao hawakuwahi kufanya kangomba walikaa bila malipo, wakiwa na madeni, na madeni hayo yakawasukuma kwa nani? Kwa wale wale.

Unaona mzunguko ulivyo? Dawa iliyokusudiwa kumkwepa mwenye uwezo wa kusubiri ilimtaka mkulima asubiri.

Tuvuke mpaka basi. Kenya wana bodi yao ya nafaka, NCPB. Msimu wa 2017/18 bodi ilikuwa inanunua mahindi kwa shilingi 3,200 za Kenya kwa gunia la kilo 90, bei iliyokuwa juu ya soko. Wakulima wa Bonde la Ufa walipanga foleni na matrekta na malori kwenye maghala ya Eldoret na kwingineko, siku baada ya siku. Mwaka 2018 likaibuka sakata, bungeni na magazetini, kwamba sehemu kubwa ya bei ile ilikuwa imechukuliwa na wafanyabiashara waliopeleka mahindi ya bei chee, mengine ya kutoka nje ya nchi, huku wakulima wakiambiwa maghala yamejaa. Mkurugenzi wa bodi akajiuzulu.

Na hata pale ruzuku inapogawiwa kwa jina la mtu, mambo hayawi rahisi. Mnakumbuka vocha za pembejeo? Mpango ule ulianza msimu wa 2008/09 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vocha ilikuwa inalipa karibu nusu ya bei ya mbolea na mbegu za ekari moja, na kila kijiji kina kamati yake ya kuchagua wanaostahili. Ushirikishwaji kwa kwenda mbele. Mwaka 2012 watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, wakachapisha walichokikuta Kilimanjaro: takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwenye kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Tena ile nusu nyingine ya bei ilitakiwa kutoka mfukoni kwa mkulima, kwa hiyo maskini kabisa hata akipewa vocha anabaki anaitazama tu.

Kwa hiyo tatizo ni la zamani, na wala halikuanza na uhuru wa soko. Wazee wetu walikuwa na dawa yao. Katikati ya miaka ya 1970 Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Aliyeko karibu na Dar na aliyeko Sumbawanga walilipwa sawa, na gharama ya lori ilibebwa na serikali. Kwa mikoa ya pembezoni hiyo ilikuwa ruzuku kubwa kuliko hizi za leo, na Rukwa na Ruvuma ziligeuka maghala ya taifa kwa sababu hiyo. Mzee yeyote wa huku kwetu mwisho wa reli, kilomita zaidi ya 1,200 kutoka bandari ya Dar, anaelewa maana ya kufutiwa umbali. Lakini NMC ilizama kwenye madeni. Ikachelewa kuja kubeba, ikachelewa kulipa, mahindi yakauzwa kwa njia za panya usiku. Miaka ya 1980 mfumo ukaachwa, na ruzuku ya mbolea nayo ikapunguzwa kidogo kidogo hadi ikafutwa katikati ya miaka ya 1990. Ilirudi 2003/04.

Ninachojifunza hapo si kwamba turudi kwenye NMC. Ninachojifunza ni kwamba hata bei nzuri kuliko zote, ikichelewa, inamrudisha mkulima kwa mchuuzi.

Sasa nije kwetu sisi wa mjini, maana nyie mnaosoma hapa wengi wenu ni wa Dar, Arusha, Mwanza, wengine Nairobi. Najua mnachowaza. "Bwana, mahindi yakinunuliwa kwa 700, unga tutanunua shilingi ngapi?" Ni swali halali. Mimi pia nanunua unga, na mshahara wa mwandishi mnaujua.

Lakini hebu tuwe wakweli na nafsi zetu. Kila bei ya unga ikipanda mjini, serikali hufanya nini? Mwaka 2011 ilizuia mahindi kwenda nje. Juni 2017 ikazuia tena. Mwaka 2023 ikaja na masharti ya vibali. Kila mara sababu ni usalama wa chakula. Kwetu Kigoma maana yake ni nini? Simama pale Kibirizi uangalie maboti ya mbao yanavyopakia. Burundi iko hapo, ukiwa Manyovu unaiona kwa macho. Kongo ni ng'ambo ya ziwa. Kwa mkulima wa Kasulu au Buhigwe mteja wake wa asili yuko karibu kuliko Dodoma. Ukifunga mpaka umemwondolea yule mnunuzi wa pili, yule ambaye angemlazimisha mchuuzi aongeze bei. Amebaki na mmoja.

Kufunga mpaka ni ruzuku, ndugu zangu. Ni ruzuku ya unga wetu. Tofauti ni kwamba haiko kwenye bajeti, haisomwi bungeni, haina uzinduzi wala fulana. Anayeilipa ni mjomba, anayeipokea ni mimi. Halafu miaka miwili baadaye bei ikianguka kwa sababu tulifunga, tunatafuta pesa za kodi tumrudishie kidogo, na kile kidogo kinamkuta ameshauza.

Mama yangu, ambaye bado yuko Ujiji na anauza mawese pale sokoni, nilimsomea mawazo yangu haya kwenye simu kabla sijayaandika. Akasema mbona hata kwenye mafuta ni hivyo hivyo. Tangu 2018 Kigoma tumekuwa tukiimbiwa michikichi. Waziri Mkuu Majaliwa alikuja, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikaanzishwa, miche ya kisasa aina ya tenera ikaanza kuzalishwa na kugawiwa. Mwaka huo huo, bajeti ya 2018/19 ikapandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula yanayotoka nje kutoka asilimia 10 hadi 25, na ya yaliyosafishwa kutoka 25 hadi 35, ili mafuta yetu yapate bei. Hiyo nayo ni ruzuku ya bei, inapita mlango wa forodha tu. Lakini mama anasema chikichi zikiiva kwa wingi, wakamuaji wa vijijini wanayashusha mawese yote kwa wakati mmoja kwa sababu hawana pa kuyaweka na wana shida zao. Bei inalala. Wenye mapipa na vyumba wananunua, wanafunga milango, wanasubiri. Miezi michache mbele dumu lile lile lina bei nyingine. "Ushuru unapanda huko kwenu Dar," akaniambia, "pipa ni la mwenye pipa."

Mama hakusoma uchumi. Mimi nilisoma kidogo, nikafaulu hata mtihani, na hakuna mhadhiri aliyeniambia kwa maneno machache hivyo.

Basi nini kifanyike? Maana kulalamika tumebobea. Mimi nina mambo machache, mnisahihishe.

Kwanza, bei ya serikali itajwe mapema. Kama NFRA itanunua, itaje kabla watu hawajaanza kuvuna, na ikiwezekana kabla hawajapanda. Bei inayotajwa Julai ni zawadi kwa mwenye ghala. Bei inayotajwa Novemba ni silaha mkononi mwa mjomba. Hata asipoiuzia serikali kilo moja, mchuuzi akija na 380 yake ataulizwa maswali. Najua hazina watasema hawawezi kujifunga mapema kabla ya kuona mavuno. Sawa, watangaze bei ya chini kabisa, iwe sakafu. Ikibidi wapandishe baadaye.

Pili, msaada wa mbolea na msaada wa bei vijuane. Sasa hivi ni kama ndugu wawili wasiosemezana. Tunaye mkulima ameandikishwa, ana namba, tunajua kachukua mifuko mingapi. Kwa nini asikopeshwe ile mifuko kupitia namba hiyo hiyo, alipe baada ya kuuza? Mchuuzi anaweza kumkopesha bila kompyuta wala takwimu. Taifa zima linashindwa?

Tatu, mkulima apewe uwezo wa kusubiri. Hili ndilo kubwa. Sheria ya stakabadhi ghalani tunayo tangu 2005. Wazo lake ni zuri sana: unapeleka mzigo ghalani, unapewa stakabadhi, unapata sehemu ya pesa papo hapo kwa shida zako, mzigo unasubiri bei. Lakini wazo zuri likicheleweshwa linakuwa chuki. Aprili 2013 kule Liwale, wakulima wa korosho walioahidiwa malipo ya awamu na kupewa pungufu walichoma nyumba. Kwa hiyo ghala liwe karibu, mzani uwe wa kweli ili lumbesa ife, na malipo yawe ya siku, si ya miezi. Ghala la kata moja lenye mzani na mtu mwaminifu lina faida kuliko tamko.

Nne, mpaka usifungwe kwa kushtukiza. Kama taifa lina hofu ya njaa, NFRA inunue ijaze maghala yake kwa bei ya ushindani. Ndiyo kazi yake.

Nasikia mtu anasema: "Yote hayo ni gharama." Ndiyo. Lakini gharama tayari tunalipa. Mwaka 2024 tulilipa 700 kwa kilo na tukaandika kwenye vitabu kwamba tumemlipa mkulima. Ninachoomba ni kwamba pesa tunazokwisha kuzitoa zimfike tunayemtaja kwenye hotuba.

Nirudi kwenye kuungama kwangu. Baada ya ile simu niliisoma tena habari yangu. Haikuwa na uongo. Kila sentensi ilikuwa sahihi. Bei ilikuwa 700, maelekezo yalitolewa, na wapo wakulima wa Rukwa na Katavi, jirani zetu wa ziwa hili hili, waliokuwa bado na mahindi yao na wakafaidika. Siwezi kuwanyima hilo. Lakini sikumpigia simu mkulima hata mmoja. Niliandika neno "wakulima" mara tisa, nimehesabu, na sikumuuliza hata mmoja wao kama gunia lake bado liko ndani. Nilikuwa na mjomba kabisa, namba yake ninayo.

Nilimuuliza msimu uliofuata kama atakopa tena kwa yule yule. Alikaa kimya kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. Akasema, "Mjomba, wewe unaniuliza kama nitalima?"

Naomba kutoa hoja. Kama una mzazi, mjomba au shangazi anayelima, mpigie leo umuulize swali moja tu: mliuza lini, na kwa nani? Kisha tuambiane.